Zimwi halina ukoo: Vita vya mezani na nafasi yake Ukambani

VITA havina macho, walinena wahenga. Hata hivyo, iko aina moja ya vita yenye macho, masikio na sheria zilizoandikwa. Nayo inapokwisha, mshindi na mshinde hunawa mikono wakaketi pamoja kula muthokoi kwenye sinia moja.

Hivi ni vita vya mezani. Marafiki hupanga majeshi ya visanamu vidogo juu ya meza, wakapima hatua zao kwa rula, kisha wakaiachia dadu kuamua ni nani amepona na ni nani ameanguka. Katika aina inayopendwa zaidi, visanamu hivyo si vya askari wa kawaida tu. Kuna mazimwi, majitu, wachawi, majoka na mashujaa wa kubuni. Ndiyo maana huitwa vita vya njozi.

Ughaibuni mchezo huu ni biashara kubwa. Kampuni ya Uingereza ya Games Workshop, ambayo hutengeneza mchezo wa Warhammer, iliingia Desemba 2024 katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi kwenye Soko la Hisa la London, bega kwa bega na mabenki na kampuni za mafuta. Yote hayo ni kwa sababu ya visanamu ambavyo aghalabu havizidi urefu wa kidole gumba.

Kwa wakazi wengi wa Kitui na Makueni, mchezo huu ungali mgeni. Lakini mgeni huyu akibisha hodi atakuta nyumba imekwisha kufagiwa, kwani mikono inayojua kuchonga ipo, hadithi za mazimwi zipo, na kumbukumbu ya vita vya kweli ipo pia. Makala haya yanaeleza mchezo wenyewe ni upi, ulitoka wapi, na ni kwa nini huenda ukawa na manufaa katika eneo hili kuliko mtu anavyodhani.

Mchezo unavyochezwa

Anayefahamu bao, drafti au sataranji amekwisha kuelewa nusu ya jambo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na lugha yake ni ya kivita, kwa maana wachezaji hula, huteka na huvamia. Sataranji nayo ni vita vya wafalme wawili. Tofauti ni kwamba katika michezo hiyo uwanja umegawanywa kwa mashimo au miraba, na kila kipande kina njia zake zisizobadilika. Vita vya mezani havina miraba. Meza nzima ni nchi yenye vilima, mito, vichaka na vijiji, na kikosi kinaweza kwenda popote mradi hakivuki kipimo chake.

Wachezaji hupokezana zamu. Kila zamu ina hatua tatu: kusogeza vikosi, kurusha silaha za mbali, na kupigana ana kwa ana. Mathalan, askari wa mkuki huruhusiwa kusogea sentimita 15, na mpiga mshale kulenga adui aliye umbali wa sentimita 50. Asiye na uhakika hutandaza futikamba mezani mbele ya mwenzake, ili pasiwe na ubishi.

Ili majeshi yasipishane nguvu kupita kiasi, kila kisanamu hupewa thamani ya alama. Tuseme pande mbili zimekubaliana kwamba kila jeshi litakuwa na alama 500. Askari wa mkuki ana alama 10, mpiga mshale 15, mtabiri 50 na zimwi 100. Mchezaji anaweza kuchukua askari 20 wa mkuki kwa alama 200, wapiga mishale 10 kwa alama 150, zimwi moja kwa alama 100 na mtabiri mmoja kwa alama 50. Jumla ni 500. Mwenzake anaweza kuamua kuleta mazimwi matano bila askari hata mmoja. Ni nani aliyechagua vyema? Swali hilo ndilo huwafanya watu wazima kukesha wakibishana.

Chimbuko lake

Mchezo huu haukuanza kama mchezo. Mwaka 1812 ofisa mmoja wa Prussia, nchi ambayo baadaye ilikuwa kiini cha Ujerumani, aliyeitwa Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake meza ya kufanyia mazoezi ya vita. Mwanawe aliuboresha mtindo huo akachapisha sheria mwaka 1824, nalo jeshi likautumia kuwafunza maofisa jinsi ya kufikiri kabla ya kutuma vijana kufa.

Aliyeutoa mchezo huo kambini na kuuleta sebuleni ni mwandishi wa Uingereza, H. G. Wells. Mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, yaani Vita Vidogo. Humo alieleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga ya kuchezea iliyorusha vijiti. Wells alichukia vita. Hoja yake ilikuwa kwamba yeyote atakayecheza vita vidogo mara chache tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la makosa na la kipumbavu.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vikubwa vilizuka.

Miongoni mwa waliopelekwa kwenye mahandaki ya Ufaransa alikuwamo kijana aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Huyo ni J. R. R. Tolkien. Alishiriki mapigano ya Somme mwaka 1916, akaugua homa ya mahandaki akarudishwa nyumbani. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1954 na 1955, alichapisha The Lord of the Rings, riwaya ya majitu, mashujaa na falme za kubuni ambayo iliwafanya wasomaji wengi kutaka kuyaona majeshi hayo kwa macho.

Mwaka 1971 Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa sheria za vita vya mezani vya enzi za mapanga, ziitwazo Chainmail, zikiwa na nyongeza ya mazimwi na uchawi. Kutokana na hiyo ulizaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Nayo Warhammer ilifuata Uingereza mwaka 1983. Vita vya mezani vilikuwa vimehama kutoka kwa majenerali hadi kwa mazimwi.

Vita vilivyozaa vinyago

Msomaji wa Kitui au Makueni anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu vita vilivyomtia Tolkien handakini ndivyo vilivyowafunza Wakamba kuchonga vinyago vya kuuza.

Mwaka 1914 mapigano yalifika Afrika Mashariki. Wajerumani waliteka Taveta, na doria zao zikawa zinavuka nyika kuja kulipua reli ya Uganda, ile ipitayo Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalijaribu kukiteka kilima cha Salaita karibu na Taveta yakatimuliwa. Mapigano yaliendelea kusini hadi Novemba 1918, wakati Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Walioumia zaidi hawakuwa majenerali. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi, uchovu na njaa kuliko risasi. Majina ya mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni mabaki ya jina la kikosi cha wapagazi hao.

Kati ya waliorudi alikuwamo Mutisya Munge wa Wamunyu, katika eneo la Machakos, kando ya barabara iendayo Kitui. Masimulizi yanayojulikana sana Ukambani yanasema kwamba akiwa Tanganyika wakati wa vita aliwaona mafundi wa kuchonga miti, wengine wakisema ni Wazaramo na wengine wakisema ni Wamakonde, akaiga ufundi wao. Aliporejea aliwafunza jamaa na majirani. Ufundi huo ukasambaa Ukambani, ukafika Nairobi, na ukapiga kambi Changamwe, Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kimeuza vinyago kwa watalii tangu miaka ya uhuru.

Tazama basi mkasa huu. Mikono hiyo imechonga twiga, vifaru, mashujaa wenye mikuki na ngao, na hata seti kamili za sataranji ambazo zimepamba meza za wageni ughaibuni. Lakini ni vigumu kuingia nyumba ya kawaida Mutomo au Wote ukakuta seti kama hiyo ikichezewa na watoto wa mchongaji mwenyewe. Tumewachongea wenzetu vikosi vizima vya mashujaa, sisi tukabaki kuvitazama vikifungwa ndani ya magazeti na kutiwa kwenye masanduku.

Kwa nini mazimwi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa lengo ni kucheza vita, kwa nini tusicheze vita vya kweli vilivyopiganwa hapa? Kwa nini tujisumbue na mazimwi?

Jibu ni kwamba vita vya kweli vina wenyewe. Katika maeneo ya mashariki ya Kitui yanayopakana na kaunti ya Tana River, wakulima na wafugaji wa ngamia wamegombania malisho na maji kwa miaka mingi, na damu imemwagika. Kote nchini, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,000. Kuyaweka mapigano kama hayo mezani na kuamua kwa dadu ni nani afe ni kumtonesha mtu kidonda. Vijana wawili wanaweza kuanza wakicheza wakaishia wakitukanana makabila.

Zimwi halina ukoo. Halina kabila, halina eneo bunge wala jamaa wa kulilia. Likichomwa mkuki mezani, hakuna mama anayejifunga kanga kiunoni akaanza kuomboleza. Mchezo wa njozi huwaacha watu washindane kwa nguvu zote, wadanganyane kwa mbinu, wavamiane na washindwe, bila yeyote kulazimika kumpa adui sura ya jirani yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huenda walimaanisha kwamba hofu uliyokwisha kuipa jina na kuikalisha mbele yako hupungua makali.

Wala mazimwi hayakuletwa Ukambani kwa meli. Mwanazuoni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya hadithi nyingi za jamii yake na kuchapisha baadhi yake mwaka 1966 katika kitabu Akamba Stories. Hadithi za mazimwi yanayokula watu na watoto wanaoyashinda kwa akili zilisimuliwa jioni kando ya moto muda mrefu kabla ya Tolkien kushika kalamu. Leo, jioni nyingi ni za simu na televisheni. Mtoto anayechonga zimwi kwa ajili ya mchezo hulazimika kumwuliza nyanya yake lilikuwa na sura gani. Swali hilo peke yake ni faida.

Mwishoni mwa juma

Tuchukue mfano wa marafiki sita, watatu wa upande wa Kitui na watatu wa upande wa Makueni, wanaokutana Jumamosi na Jumapili. Hawahitaji ukumbi. Meza mbili zilizounganishwa chini ya mwembe zinatosha.

Nchi ya kupigania wanayo tayari. Mto Athi, unaotenganisha kaunti hizo mbili kwa sehemu kubwa, ni kitambaa cha buluu kilichotandazwa katikati ya meza. Uwanda wa Yatta, mgongo wa mawe ya volkano unaonyooka kwa takriban kilomita 300, ni mbao mbili ndefu zilizowekwa kando ya mto. Kilima cha Nzaui cha Makueni, ambapo masimulizi ya kale yanasema mtu na mke wa kwanza walishushwa kutoka juu na nyayo zao zikabaki mwambani, ni rundo la mawe kwenye pembe moja. Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, linasimama kwenye pembe ya pili.

Pambano la kwanza, Jumamosi asubuhi, ni la kivuko. Jeshi moja linataka kuvuka Athi, la pili linalinda ukingo. Hapa wapiga mishale huonyesha umuhimu wao, jambo ambalo halitamshangaza anayejua sifa za Wakamba wa kale katika upinde na mshale wa sumu.

Pambano la pili, alasiri, ni la Jiwe la Nzambani. Watu wa Kitui husimulia kwamba anayelizunguka jiwe hilo mara saba hugeuka jinsia, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Wachezaji wanaweza kuigeuza simulizi hiyo kuwa sheria: kikosi kitakachofaulu kulizunguka jiwe hubadilika umbo, mikuki ikawa mishale au mishale ikawa mikuki. Kila mmoja atataka kulizunguka, na kila mmoja atataka kumzuia mwenzake.

Pambano la tatu ni la Jumapili baada ya ibada, nalo ni la msafara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kikamba walisafirisha pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa. Maarufu zaidi alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, naye Krapf akauona Mlima Kenya kutoka huko. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na Mto Tana. Mezani, wanaouvamia msafara ni mazimwi, wala si watu wa jamii yoyote. Msafara unaweza kuwa na mtabiri, kwa kukumbuka nabii Syokimau ambaye husemwa aliiona reli, nyoka mrefu, kabla haijajengwa. Mchezaji mwenye mtabiri ana haki ya kumtaka hasimu aeleze mpango wake kabla ya zamu moja.

Iko sheria moja ambayo huyafunga mapambano yote matatu kuwa kitu kimoja: askari aliyeanguka Jumamosi harudi Jumapili. Mchezaji aliyetupa nusu ya jeshi lake kivukoni kwa ajili ya sifa atalazimika kuulinda msafara kwa vijana wachache waliosalia. Ni hapo mzaha hupungua mezani. Ni hapo pia Wells anapoeleweka. Aliyepanga visanamu vyake kwa mikono yake, akavipaka rangi kimoja baada ya kingine kwa majuma kadhaa, huanza kusita kabla ya kuvipeleka mbele. Huuliza kama kilima kile kweli kinastahili. Majenerali wa Salaita na wa Somme hawakuwajua kwa majina waliowatuma.

Dadu haina kumbukumbu

Dadu huwatia watu wengi shaka, na ni haki yao. Kijana wa leo amezungukwa na kamari kwenye simu yake, na mzazi akisikia dadu zikigonga meza atafikiri mbaya zaidi.

Katika vita vya mezani hakuna senti inayowekwa. Dadu huwakilisha yale ambayo kamanda hawezi kuyapanga: upepo, hofu, mguu ulioteleza. Chukua wapiga mishale 10 wanaolenga kikosi chenye ngao. Kila mmoja hurusha dadu, na 4, 5 au 6 ni shabaha. Kwa wastani, mishale 5 itafika. Ngao huzuia mshale ikipata 5 au 6, yaani mara moja kwa kila tatu. Basi mishale kama mitatu itapenya. Mchezaji mzuri hufanya hesabu hiyo kichwani kabla hajaamua, wala hangoji miujiza.

Au chukua zimwi lililo umbali wa sentimita 20 kutoka kwa adui. Sheria inaliruhusu kukimbia sentimita 15 na kuongeza idadi ya dadu moja. Linahitaji 5 au 6, nafasi moja kati ya tatu. Likishindwa, litasimama peke yake uwanjani mbele ya mishale. Je, likimbie au lingoje?

Funzo kubwa zaidi ni hili. Mtu akirusha dadu mara nne, nafasi ya kupata 6 angalau mara moja ni kama asilimia 52. Lakini akiwa amekwisha kurusha mara tatu akakosa, nafasi ya mara ya nne inabaki moja kati ya sita, chini ya asilimia 17. Dadu haina kumbukumbu. Haijui kwamba umekosa, haikuonei huruma, haikudai. Hilo ndilo jambo ambalo mcheza kamari hasadiki anapojiambia kwamba amepoteza mara nyingi na sasa zamu yake imewadia. Kijana aliyeziona dadu mia moja zikianguka bila kupoteza shilingi hata moja ana nafasi ya kulijua jambo hilo kwa bei nafuu.

Vifaa vinavyopatikana nyumbani

Kikwazo kikubwa cha mchezo huu ni gharama. Sanduku moja la visanamu kutoka kampuni za ughaibuni hugharimu maelfu ya shilingi, kabla ya usafirishaji na ushuru. Jeshi zima huhitaji masanduku kadhaa, rangi maalumu na vitabu vya sheria. Kwa mwalimu wa Zombe au fundi wa Kathonzweni, hiyo ni karo ya mtoto.

Lakini hakuna sheria inayodai plastiki. Watoto wachungaji wamefinyanga ng'ombe wa udongo na kuunda magari ya waya tangu zamani. Kizibo cha soda chenye picha iliyochorwa juu yake kinatosha kuwa askari wa kuanzia, kama kinavyotosha kuwa kete ya drafti. Sheria za kuchezea zinaweza kupatikana bila malipo kwenye mtandao, au wachezaji wakajitungia zao katika kurasa mbili za daftari. Rula ya shule, dadu sita, gundi na mkebe mdogo wa rangi hukamilisha orodha.

Anayetaka visanamu vya kudumu ana mafundi jirani naye. Kwa mchongaji aliyezoea kinyago cha twiga, askari wa sentimita 6 ni kazi ya vipande vya mbao vinavyobaki. Jambo hilo si dogo. Mpingo na muhugu, miti iliyowapa wachongaji jina, imepungua mno kwa kukatwa, na tangu miaka ya 1990 wamehimizwa kutumia miti inayokua upesi kama mwarobaini, mwembe na jacaranda. Upo pia mukau, mti wa nyika ya Ukambani wenye mbao nzuri zisizopendwa na mchwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, imeushughulikia mti huo kwa miaka mingi katika vituo vyake vya Kitui na Kibwezi. Kazi ya visanamu vidogo hutumia mbao kidogo na ustadi mwingi, nayo ndiyo aina ya kazi inayofaa nchi yenye miti michache na mafundi wengi.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kuchezea mazimwi na wachawi ni kukaribisha ushirikina. Hofu hiyo si ya hapa tu. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na viongozi wa dini nchini Marekani waliushutumu mchezo wa Dungeons & Dragons wakidai uliwavuta vijana kwa shetani. Hofu hiyo ilififia hatimaye, nao wazazi walioketi na watoto wao waliona kilichokuwa kikifanyika: watoto walikuwa wakisoma sheria, wakijumlisha na kubishana. Dawa ni ile ile hapa. Mzazi mwenye shaka na aalikwe mezani, apewe kikosi.

Wengine watauliza kama kucheza vita hakuwazoeshi watoto kupenda vita. Swali hili lina uzito, hasa katika eneo ambalo lilitoa vijana wengi kwa jeshi la kikoloni la KAR, na ambako wazee waliopigana Burma mwaka 1944 waliacha hadithi katika familia nyingi. Jibu la kweli ni kwamba inategemea mchezo unavyochezwa. Ukichezwa kwa kushangilia maiti, utafundisha ukatili. Ukichezwa kwa sheria inayokataa kuwafufua walioanguka, kwa adui asiye na kabila, na kwa chakula cha pamoja baadaye, utafundisha hesabu ya hasara. Kila kundi linapaswa kukubaliana mapema ni vita gani ambavyo kamwe havitawekwa mezani.

Naam, mchezo hautazuia mapigano ya malisho wala hautaziba pengo la ajira. Itakuwa uongo kudai hivyo. Unachoweza kufanya ni kuwapa watu sita siku mbili za kushindana vikali na kuachana wakiwa marafiki, mchongaji mmoja kazi ya majuma machache, na nyanya mmoja sababu ya kusimulia tena hadithi aliyodhani hakuna atakayeiuliza.

Mutisya Munge alikwenda vitani akarudi na ufundi badala ya chuki. Karne moja baadaye, ufundi huo unaweza kurudi nyumbani na kuketi mezani, mbele ya watoto wa wale walioueneza. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Mezani, nyasi ni kitambaa cha kijani, na jioni hukunjwa na kuwekwa kabatini.